Nani ameshika kufuli? Kolubaki za mtandao ndani ya draiva za femuwea

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa vijana wanaotengeneza vifaa hapa Kigoma hufanana karibu neno kwa neno: "Kaka, mezani kinafanya kazi vizuri kabisa. Nikikipeleka ufukweni kinaganda." Kifaa chenyewe mara nyingi ni bodi ndogo yenye chipu ya ESP32, modemu ya laini ya simu, betri, paneli ya sola na kihisi cha kupima kina cha maji. Mwenye kifaa huanza kwa kulaumu modemu, akahamia kwenye laini, kisha betri. Akishabadilisha vyote vitatu na kifaa bado kinaganda, ndipo anapofungua msimbo. Makala haya yanaanzia hapo.

Jambo lenyewe si dogo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470, lakini maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Mvua zikizidi, ziwa hupanda, na likishapanda hukawia kushuka. Waliokuwa na nyumba au vibanda karibu na maji yalipopanda miaka ya 2020 hawahitaji kuelezwa maana yake. Rekodi ya kina yenye mapengo haimsaidii mtu anayetaka kujua ajenge umbali gani kutoka ufukweni, na rekodi yenye namba za uongo ni mbaya kuliko kutokuwa na rekodi.

Kwa nini basi mezani kizima na ufukweni kigonjwa? Mezani Wi-Fi iko hatua chache. Pakiti inaondoka, jibu linarudi, na matukio hufuatana kwa mpangilio uleule kila mara. Ufukweni mawimbi ya simu yanakuja na kupotea, pakiti zinadondoka njiani na kutumwa upya, muunganisho unakatika kabla ujumbe haujaisha. Msimbo haujabadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mpangilio wa matukio, na draiva ya mtandao, yaani sehemu ya femuwea (programu inayoishi ndani ya kifaa) inayoendesha modemu au Wi-Fi, husimama au kuanguka kwa mpangilio huo.

Prosesa ya ESP32, chipu iliyotoka mwaka 2016, huweza kukimbia kwa megahezi 240, yaani mizunguko milioni 240 kwa sekunde. Jibu la seva likichukua sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, mizunguko milioni 24 imeshapita. Kwenye mtandao dhaifu jibu huchukua sekunde nzima, tatu, kumi. Kifaa kikisimama kusubiri, hakipimi maji, hakisomi betri, na saa ya ulinzi iliyowekwa ndani ya chipu kwa ajili ya kukamata programu zilizoganda itaanza kulalamika. Ndiyo maana maktaba za mtandao hazikusubirishi. Unaipa kazi, unaikabidhi na fankisheni yako, nayo inakuahidi kwamba jambo likitokea itaiita. Fankisheni hiyo ndiyo kolubaki.

Unaiandika wewe, lakini anayeiita si wewe. Hapo ndipo penye shida yote. Kila ninapoisoma kolubaki namtaka mwenye draiva anijibu maswali matatu kabla hajanieleza inafanya nini. Inaendeshwa kwa muda wa nani? Anayeiita ameshika kufuli gani wakati huo, yaani alama inayomruhusu mmoja tu kwa wakati kugusa data fulani? Na kile inachokwenda kukigusa, bado kipo?

Muda wa nani

Ndani ya kifaa kama hiki kuna mahali patatu ambapo msimbo wako unaweza kujikuta unaendeshwa, na kila mahali pana sheria zake.

Pa kwanza ni ndani ya katizo. Modemu imepokea herufi, inainua waya mmoja, prosesa inaacha chochote ilichokuwa ikifanya na kurukia fankisheni yako. Hapo hakuna kusubiri kabisa. Uliyemkatiza huenda ndiye aliyeshika kufuli unalolitaka, na hawezi kuliachia mpaka wewe utoke. Ukimsubiri, kifaa kimekufa. FreeRTOS, mfumo mdogo wa uendeshaji ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003 na unaotumiwa na ESP32, una fankisheni maalumu za kuitwa kutoka ndani ya katizo, na majina yake huishia na FromISR. Ukiona ndani ya katizo fankisheni ya kawaida ya kushika kufuli, au ya kuomba kumbukumbu, au hata ya kuandika logi, simama hapo hapo. Na kwa kuwa ESP32 ina viini viwili, kuzima makatizo peke yake hakulindi kitu: kiini cha pili kinaendelea na kazi zake kama kawaida. Data inayoguswa na katizo na taski (kazi inayoendeshwa kwa zamu na nyingine ndani ya chipu) kwa pamoja inahitaji kufuli la kuzunguka, lile ambalo kiini cha pili hulizunguka bila kulala mpaka liachiwe, na hulishiki kwa zaidi ya mistari michache.

Pa pili ni ndani ya taski ya mtandao. Bodi nyingi hutumia lwIP, maktaba ya TCP/IP (lugha ya mawasiliano ya intaneti) iliyobuniwa na Adam Dunkels wa Sweden kwa ajili ya mashine zenye kumbukumbu ndogo. lwIP ina taski moja inayopokea pakiti, kupanga saa za kutuma upya na kuita kolubaki. Moja tu. Kolubaki yako ikikaa ndani yake nusu sekunde, mtandao mzima wa kifaa umesimama nusu sekunde.

Hapa kuna kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Muunganisho umekatika, lwIP inaita kolubaki ya kukatika, na mwandishi anaona hapo ndipo pazuri pa kuunganisha tena. Anaita fankisheni ya kutafuta anwani ya seva kwa jina, ile inayosubiri jibu. Ombi linakwenda kwa taski ya mtandao. Taski ya mtandao haiwezi kulipokea kwa sababu iko ndani ya kolubaki, inasubiri jibu la ombi hilohilo. Hakuna kufuli hata moja lililoonekana kwenye msimbo, hakuna taski mbili zilizogombana, na bado kifaa kimeganda milele. Mezani hutaliona, kwa sababu mezani muunganisho haukatiki.

Pa tatu ni taski yako mwenyewe. Hapa unaruhusiwa kusubiri, kulala, kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu, kujaribu tena. Kazi yoyote nzito mahali pake ni hapa.

Nigusie kidogo ulimwengu wa jirani, maana huwachanganya wanaotoka huko. Kompyuta ya ofisini pale Tabora inapowashwa na kutafuta mfumo wake kupitia mtandao, kabla Windows wala Linux haijaingia, inayofanya kazi ni femuwea ya UEFI, nayo ina draiva za mtandao zenye kolubaki tele. Lakini UEFI haina taski. Kuna mkondo mmoja wa kazi na ngazi za kipaumbele zinazoitwa TPL: programu ya kawaida iko ngazi ya 4, kolubaki ziko ngazi ya 8 na ya 16, na ya juu kabisa ni 31, ambapo makatizo yenyewe yamezimwa. Draiva ikiomba kutuma data hukabidhi tokeni yenye tukio ndani yake, na kazi ikiisha tukio huinuliwa. Kufuli la huko halimsubiri mtu yeyote. Kulishika ni kupanda ngazi, ili wa ngazi yako na wa chini wasiweze kukukatiza. Ukilikuta tayari limeshikwa, hakuna kulisubiri, kwa sababu anayelishika ni mkondo huohuo uliomo ndani yake sasa hivi, na kulikuta hivyo ni dalili ya kosa la msimbo. Ndiyo maana pia fankisheni ya kusubiri tukio inakubali kuitwa katika ngazi ya 4 pekee. Mtu aliyezoea UEFI akija kwenye FreeRTOS hudhani kushika kufuli ni jambo la papo kwa papo. Anayekwenda upande wa pili husubiri kitu kisichokuja.

Kufuli la nini

Nikimuuliza kijana kufuli lake ni la nini, akanijibu kwamba ni la fankisheni fulani, najua kazi bado ipo. Kufuli hulinda data. Linapaswa kuwa na orodha: hali ya muunganisho, pointa ya muunganisho (anwani ya mahali ulipo kwenye kumbukumbu), idadi ya bafa (vipande vya kumbukumbu vinavyobeba data) zilizo njiani, basi. Orodha hiyo iandikwe juu ya kufuli lenyewe, kwenye msimbo, na yeyote anayegusa kilichomo awe amelishika.

Hatari kubwa iko kati ya kuuliza na kutenda. Taski yako inauliza: tumeunganishwa? Ndiyo. Kabla haijaandika, kolubaki ya kukatika inaingia na kugeuza hali. Taski inarudi ikiwa na jibu la zamani na kuandika kwenye muunganisho uliokufa. Wengi hujaribu kuliponya hili kwa kuweka neno volatile mbele ya kigeu. Halisaidii. Neno hilo linaiambia programu ya kukusanya msimbo isome kumbukumbu upya kila mara. Halizuii mtu kuingia katikati ya kuuliza na kutenda. Vyote viwili, swali na tendo, lazima viwe ndani ya kufuli moja.

Mtu akishaelewa hilo, huenda upande wa pili: anashika kufuli mwanzoni mwa kila fankisheni na kuliachia mwishoni. Sasa anakutana na mkwamo. Taski yake imeshika kufuli la draiva, inaita fankisheni ya lwIP ya kutuma, nayo inataka kufuli la mtandao. Wakati huohuo taski ya mtandao, ambayo tayari imeshika kufuli la mtandao, imeita kolubaki yake, na kolubaki inataka kufuli la draiva. Kila mmoja ameshika anachokitaka mwenzake.

Sisi wa mwisho wa reli ya kati tunaielewa hali hii bila mchoro. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na njia yake ni moja. Treni mbili zikiingia kipande kimoja kutoka pande mbili, mahali fulani kati ya Kaliua na Uvinza, hakuna inayoweza kupita. Dawa ya reli ni kwamba treni haiingii kipande mpaka stesheni ya mbele ikubali kuwa kiko wazi. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu treni inaweza kurudishwa nyuma, ila taski iliyoshika kufuli hairudishwi na mtu.

Watafiti watatu, Coffman na wenzake, walionyesha mwaka 1971 kwamba mkwamo unahitaji mambo manne kwa pamoja: kitu kinachoshikwa na mmoja tu, mtu anayeshika kimoja huku akisubiri kingine, kutokuwepo wa kumnyang'anya, na mduara wa kusubiriana. Ukivunja moja tu, mkwamo hautokei. Katika draiva za mtandao mawili ndiyo yanayovunjika kirahisi. Unaweza kuvunja mduara kwa kuamua mpangilio: kufuli la mtandao hushikwa kwanza siku zote, la draiva baadaye, kinyume chake ni marufuku. Au unaweza kuvunja lile la kushika huku unasubiri: usiite msimbo wa mtu mwingine ukiwa umeshika kufuli lako.

Mimi nachagua hili la pili kila linapowezekana. Mpangilio wa makufuli huishi kichwani mwa aliyeuandika na hufa akihama kazi. Sheria ya kutoita nje ukiwa na kufuli hata mgeni anaweza kuikagua kwa macho. Kwa maandishi inakuwa hivi:

    shika(kufuli_la_draiva)
    m = draiva.muunganisho
    draiva.hali = INATUMA
    achia(kufuli_la_draiva)
    tuma(m, bafa)

Unachukua unachohitaji, unaachia, ndipo unaita nje. Ukirudi, unashika upya na kuangalia hali upya, kwa maana ulipokuwa nje lolote linaweza kuwa limetokea.

Mkwamo umeondoka. Lakini tazama tena mstari wa mwisho. Kati ya kuachia kufuli na kuita kutuma, kolubaki ya kukatika inaweza kuingia na kuufuta muunganisho, nawe umebaki na m inayoelekeza kwenye kumbukumbu ambayo si yako tena.

Bado kipo?

Hili la tatu ndilo linalowaangusha hata wazoefu, na ndilo ningeomba msomaji alipe muda mwingi. Kuanzisha muunganisho ni rahisi, kwa sababu hakuna anayeujua bado. Kuumaliza ni kazi, kwa sababu wanaoujua wametawanyika: kolubaki iliyo njiani, saa iliyopangwa kulia baada ya sekunde mbili, taski iliyochukua nakala ya pointa, ujumbe uliolala kwenye foleni.

lwIP ina mtego mmoja ambao umeandikwa wazi kwenye maelezo yake na bado unanasa watu. Kolubaki ya makosa, ile unayoisajili kwa tcp_err, huitwa baada ya lwIP kuwa imekwisha kuufuta muunganisho wenyewe. Ukiwa ndani yake ukaamua kuufunga kwa adabu, unafunga kitu ambacho hakipo, na kumbukumbu yake huenda imeshapewa mwingine. Kazi pekee ya kolubaki hiyo ni kufuta pointa yako na kutoa taarifa.

Kwa upande wako, kumaliza kufanyike kwa hatua. Kwanza, ukiwa umeshika kufuli, weka alama kwamba draiva inafungwa, ili asiingie mpya. Achia kufuli. Kisha ondoa kolubaki ulizosajili, simamisha saa, na usubiri zile zilizokwisha kuanza zimalize. Mwisho kabisa, futa kumbukumbu. Mwenye haraka huruka hatua ya kati. Mwenye hofu huifanya huku ameshika kufuli, halafu kolubaki anayoisubiri inataka kufuli hilohilo. Waandishi wa draiva za Linux wanaujua mkwamo huu vizuri: fankisheni ya kufuta saa na kusubiri imalize haitakiwi kuitwa na mtu aliyeshika kufuli ambalo saa yenyewe hulichukua. Wala usisubiri kolubaki imalize ukiwa ndani ya kolubaki hiyo.

Tundu la ile m huzibwa kwa hesabu ya wanaotumia. Kila anayechukua nakala ya pointa anaongeza moja akiwa ndani ya kufuli, akimaliza anapunguza moja, na anayeifikisha sifuri ndiye anayefuta. Kwa kifaa kidogo chenye muunganisho mmoja kuna njia nyepesi zaidi ambayo naipenda: nambari ya awamu. Kila ukiunganisha upya unaongeza namba, na kila kolubaki au ujumbe unabeba namba ya awamu iliyouzaa. Ujumbe wa awamu ya 6 ukifika wakati draiva iko ya 7, unatupwa bila kujadiliwa. Ufukweni, ambako muunganisho unaweza kukatika na kurudi mara kadhaa ndani ya dakika moja, namba hii hukuepusha na kosa la kuua muunganisho mpya kwa habari za kifo cha ule wa zamani.

Uhai wa bafa nao ni vivyo hivyo, na hapa ndipo zinapozaliwa zile namba za uongo. Ukitumia njia ya chini ya lwIP kutuma data bila kuiomba ichukue nakala, inachoweka ni pointa ya bafa yako tu. Bafa hiyo si yako tena mpaka kolubaki ya kuthibitisha ikuambie kwamba upande wa pili umepokea. Mwandishi asiyejua hilo anatuma kipimo cha saa nne, kisha anatumia bafa ileile kuandaa cha saa tano. Mezani pakiti ya kwanza imeshafika kabla hajaigusa bafa, kwa hiyo haoni kitu. Ufukweni pakiti ya kwanza inapotea. lwIP inaituma upya, ikisoma bafa ileile, ambayo sasa ina nusu ya kipimo kimoja na nusu ya kingine. Kinachotisha ni kwamba katika mipangilio ya kawaida jumla ya ukaguzi ya TCP (namba ya kuhakiki kwamba data haijaharibika njiani) hukokotolewa pakiti inapotoka, kwa hiyo inakokotolewa juu ya data iliyoharibika na inalingana nayo kikamilifu. Seva inapokea, inahakiki, inaridhika, na kuandika kina cha maji ambacho ziwa halijawahi kuwa nacho. Hakuna kosa lolote kwenye logi ya upande wowote. Iombe lwIP ichukue nakala, au subiri uthibitisho. Na weka ndani ya ujumbe wako mwenyewe jumla yako ya ukaguzi, iliyokokotolewa wakati wa kupima.

Aliye chini akimzuia aliye juu

Vipaumbele vya taski vina hila yake, nayo iliwahi kutokea mbali sana na Kigoma. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na baada ya muda kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya. Taski ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa ikishika kufuli ambalo taski muhimu ya mawasiliano ya ndani ya chombo ilihitaji. Kabla haijaliachia, taski za kipaumbele cha kati ziliingia na kuikalia. Hivyo ya kati ikaizuia ya juu bila hata kugusa kufuli, saa ya ulinzi ikaona taski muhimu haijamaliza kwa wakati, na kuwasha upya kila kitu. Wahandisi walilizalisha tatizo kwenye nakala iliyobaki Duniani, kisha wakatuma badiliko dogo: aliyeshika kufuli aazimwe kipaumbele cha anayemsubiri.

Kwenye FreeRTOS kufuli la aina ya mutex huazima kipaumbele hivyo, ila semafoo ya binari, ambayo ni ishara tu ya kuinuliwa na kushushwa, haifanyi hivyo. Mifano mingi inayozunguka mtandaoni hutumia semafoo ya binari kama kufuli. Usiifuate. Semafoo ni ya kumwamsha mtu.

Foleni moja, mwenye mali mmoja

Baada ya yote haya, ushauri wangu kwa anayeanza draiva mpya ni kupunguza makufuli badala ya kuyapanga vizuri. Kolubaki isifanye kazi, ibebe habari tu. Inaandika ujumbe mfupi, wa aina ya tukio, nambari ya awamu na pointa ya bafa, inauweka kwenye foleni na kutoka. Taski moja inasoma foleni, na taski hiyo peke yake ndiyo inayogusa hali ya draiva. Hakuna wa kugombana naye, kwa hiyo hali ya draiva haihitaji kufuli. Mpangilio wa matukio unakuwa mpangilio wa foleni, kitu unachoweza kukiandika kwenye logi na kukisoma kesho yake.

Foleni ina gharama zake. ESP32 ina kilobaiti 520 za kumbukumbu ya ndani, na sehemu kubwa inakwenda kwa Wi-Fi na maktaba, kwa hiyo foleni haiwezi kuwa ndefu. Ikijaa, kolubaki hairuhusiwi kusubiri nafasi, lazima kitu kitupwe. Amua mapema ni nini. Kipimo cha zamani cha maji kinaweza kutupwa, kingine kitakuja. Habari kwamba muunganisho umekatika haiwezi kutupwa hata siku moja, maana ikipotea draiva itaamini milele kwamba imeunganishwa, na hiyo nayo ni namna ya kuganda. Habari za aina hiyo usizipitishe kwenye foleni. Ziwekee biti yake ya tukio, ambayo ikiinuliwa mara mbili bado ni ileile moja na haihitaji nafasi mpya, na taski iangalie biti hizo kila inapoamka, kabla ya kusoma foleni.

Kuuleta ufukwe mezani

Kosa la mpangilio halikamatwi kwa kuendesha kifaa muda mrefu kwenye mtandao mzuri. Inabidi uuharibu mtandao kwa makusudi. Laptopu yenye Linux ikigeuzwa kuwa kituo cha Wi-Fi, kwa zana ya netem unaweza kuiamuru idondoshe sehemu ya pakiti, icheleweshe nyingine sekunde mbili, ichanganye mpangilio wake. Bafa iliyotumika mapema hujitokeza haraka sana kwenye mtandao wa namna hiyo. Kisha weka ucheleweshaji wa makusudi ndani ya msimbo wako: milisekunde chache baada ya kila achia, kabla ya kila wito wa nje. Pale palipokuwa na mwanya mwembamba panakuwa na mlango, na aliyekuwa akipita mara moja kwa mwezi atapita kila dakika.

Washa pia ukaguzi uliomo tayari. Zana za ESP32 zina mpangilio wa kuifanya lwIP ihakikishe kila fankisheni yake ya ndani imeitwa na mtu aliyeshika kufuli la mtandao, na kusimamisha kifaa papo hapo isipokuwa hivyo. Kwenye Linux kuna lockdep, iliyoingia mwaka 2006, ambayo hukumbuka mpangilio wa kila kufuli lililowahi kushikwa na kukuonya juu ya mkwamo kabla haujatokea hata mara moja. FreeRTOS haina mlinzi wa aina hiyo, ila itakujibu ukiiuliza nani ameshika mutex fulani sasa hivi, na jibu hilo liandikwe kwenye logi kila kushika kufuli kunapozidi muda uliokusudia.

Na kifaa kikiganda huko ufukweni Kibirizi, usikimbilie kuchomoa betri. Kabla ya kukipeleka huko, kipange hivi: taski muhimu ziandikishwe kwa saa ya ulinzi, saa hiyo ikilia kifaa kisimame badala ya kulalamika tu kwenye logi, na picha ya kumbukumbu iandikwe kwenye flashi kabla ya kuwaka upya. Ukirudi nayo mezani utaona kila taski ilikuwa mstari gani. Tafuta taski ya mtandao kwanza. Ikiwa imelala ndani ya kolubaki yako, umeshapata jibu la swali la kwanza. Ikiwa inasubiri kufuli, soma jina la aliyelishika.